Biira Hajafa

Bwera, 7 Machi 2015

Kwa Sylivia, binti wa kaka yangu,

Nakusalimu kwa sababu mama yangu alinilea nimsalimu hata mtu aliyenikosea. Hujambo? Mumeo Ezironi hajambo? Watoto wanaendelea na shule? Sisi huku ni wazima, na hilo neno "wazima" ulisome mara mbili, maana hapa Bwera tangu jana mimi ni marehemu.

Alhamisi jioni tulikaa uani kwangu kama kila Alhamisi, mimi na mwanangu Docus na majirani kama kumi, tusikilize mchezo wako redioni. Tulijua ni siku ya mwisho. Wiki tisa tulikuwa tumemfuata Biira wako, aliyemwacha mume kule mlimani akashuka na mtoto mgongoni, akabeba chumvi ya Katwe, akaingia kwenye vitenge, akajenga nyumba ya mabati. Ya kumi unamtoa nyumbani kwake asubuhi, mzima wa afya, unampeleka mpakani Mpondwe unamtupa chini ya lori. Na hukutosheka. Unamwachia pumzi ya kusema, "Laiti ningalibaki kwa mume wangu." Hata pumzi ya mwisho uliona heri umpe mwanamume.

Kulipokucha, kabla sijasukutua mdomo, nikasikia kilio njiani. Wanawake wanne wa Kasindi, upande wa Kongo, wateja wangu wa miaka mingi, wamejifunga vitenge kiunoni, wamebeba kuni na unga wa muhogo, wanakuja matangani. Wao redio hawakusikiliza. Waliambiwa na wapagazi wa forodhani kwamba redio ya Kasese imetangaza yule Biira wa vitenge kagongwa na lori. Na redio ile si ndiyo inayosoma vifo kila jioni? Wangejuaje kwamba hiki kifo ni cha kutungwa? Waliponiona nimesimama mlangoni na mswaki, mmoja akaketi chini palepale akauliza, "Mama iko muzima?" Nikawapikia chai ya matanga yangu mwenyewe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi sasa naijua kidogo.

Ulipokuja kwangu na daftari lako uliniahidi kwamba jina utalibadilisha. Umeondoa Edisa ukaweka Biira. Kwa Wakonzo binti wa pili ni Biira, kila nyumba inaye, kwa hiyo ukadhani nimejificha katikati ya akina Biira wote wa milimani. Lakini Biira anayeuza vitenge Mpondwe, mwenye pengo, aliyeanza na chumvi, ni wangapi? Umenivua jina la kanisani ukaniacha na lile nililozaliwa nalo. Mkonzo gani anafanya kosa hilo?

Yote hayo ningeyacheka. Mimi ni mtu wa soko, nimetukanwa na maaskari wa forodha nikawauzia nguo. Lakini Docus ameondoka.

Unajua alikuja kwangu mwezi wa kwanza na mtoto wake mchanga, jino moja la mbele halipo. Mumewe Jonan alilitoa kwa ngumi kwa sababu samaki walichelewa kukaushwa. Miezi miwili alikuwa hapa. Alianza kukaa nami sokoni na fungu lake la vitunguu. Kila Alhamisi Biira wako alipopiga hatua, nilimwona Docus anainua kichwa. Jana mchana, matanga yangu hayajaisha, alifunga nguo zake akarudi kwa Jonan, Katunguru. Alisema, "Mama, umesikia mwisho wa anayetoka." Mwanangu amerudi kwenye ngumi kwa sababu ya kalamu yako, Sylivia.

Usinipigie simu. Kwa simu utalia, nami nitakuhurumia, na sitaki kukuhurumia. Niandikie, umpe Sowedi, gari lake linakuja Bwera kila siku.

Shangazi yako,
Edisa


Kasese, 10 Machi 2015

Shangazi yangu mpendwa,

Nimepiga magoti ninapokuandikia, ingawa hunioni. Habari ya mgongo wako? Ezironi anakusalimu, watoto pia wanauliza utakuja lini. Huku tuko salama, joto tu limezidi.

Barua yako niliisoma nimesimama stendi, na Sowedi akaniuliza kama nimefiwa. Shangazi, nisamehe. Nisamehe kwa matanga, na kwa Docus nisamehe mara mia. Docus ni mdogo wangu, tulilala mkeka mmoja kwako nilipokuwa nasoma shule ya msingi. Sikuandika hadithi ile ili imrudishe kwa Jonan.

Lakini nataka ujue ukweli wa jambo hili. Mwisho ule haukuwa wangu. Pale redioni kuna msimamizi wa vipindi, Bwana Blasio. Alisema mwanamke aliyemwacha mumewe hawezi kumaliza hadithi anacheka, watu wa makanisa watalalamika, na kwamba mchezo wa redio lazima uwe na fundisho. Ndiye aliyetaka lori. Unawajua wanaume wenye ofisi, wakishika karatasi ya mwanamke lazima waikate mahali. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili tu, kila Alhamisi wananipa nusu saa, ningefanya nini?

Nimeumia kama wewe. Naomba usinichukie.

Binti yako,
Sylivia


Bwera, 13 Machi 2015

Sylivia,

Hujambo. Mimi sijambo. Salamu zimeisha.

Barua yako ilinipandisha hasira nzuri, ile ya kumpata mtu wa kumgombeza. Nikasema, mwanamume ananiua bila kunijua sura? Jana nilifunga duka nikapanda gari la Sowedi mpaka Kasese. Kwako sikupita. Nilikwenda moja kwa moja redioni.

Kwenye dirisha la matangazo nilimkuta msichana mmoja, Salmah, mpole, amevaa ushungi wa kijani. Nikamwambia nataka tangazo. Akanipa karatasi ya vifo, maana wenye umri wangu wanaokuja pale wengi wamefiwa. Jina la marehemu, nikaandika Edisa. Sababu ya kifo, nikaandika mchezo wa Alhamisi. Siku ya mazishi, nikaandika hakuna, bado nauza vitenge. Salmah alisoma, akanitazama, akasoma tena, akaenda kumwita mkubwa wake.

Huyo Blasio wako nilimtegemea jitu la tai na tumbo. Akaja mtu mfupi mwenye kikohozi, akanipa kiti, akaniita mama. Nikamsomea yote niliyokuwa nimemwandalia njiani tangu Kinyamaseke. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua kabati, akatoa faili, akaniwekea mezani karatasi za mchezo wako, zote kumi, kwa mwandiko wa mkono. Ule mwandiko naujua, Sylivia, ulikuwa unaniandikia barua nao ungali na meno ya utotoni. Lori lilikuwa pale. Laiti ilikuwa pale. Hakuna neno lililokatwa.

Akaniambia hivi, na ninakuandikia kama alivyosema: "Mama, mimi hadithi ya mtu sibadilishi. Tena nilimuuliza mwalimu, mbona unamuua huyu mama? Akanijibu, ndivyo hadithi za namna hii zinavyoisha."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya mtu mwingine, nikabaki nayo mikononi. Nilimwomba radhi mwanamume yule. Mimi, Edisa, niliomba radhi kwa ajili ya uongo wako. Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata Hima, hapo jirani na Kasese.

Sasa nisikilize. Nimesikiliza hadithi maisha yangu yote, za kanisani, za redio, za vitabu ulivyokuwa unanisomea. Mwanamke mwema anavumilia mpaka anazeeka ndipo anasifiwa. Mwanamke anayekataa anaugua, au anapata wazimu, au anakufa na mtoto tumboni. Nilikuwa najiambia, hizo zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuoga maji ya chumvi na kidonda mgongoni. Ngoja mwanamke wetu mmoja ashike kalamu. Ulipokuja na daftari lako nilikuchinjia kuku, nikakaa nawe siku tatu, nikakufungulia maisha yangu kama sanduku la nguo. Nilidhani hatimaye nimepata wa kuniandika nilivyo. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Malori ya Mpondwe nayajua yote. Madereva wanayasimamisha ili nivuke. Hakuna hata moja lililowahi kunigusa, ila lako.

Tangazo walilisoma jana jioni, kati ya msiba wa Muhokya na ng'ombe aliyepotea. Bwera walicheka. Lakini Docus hakuondoka kwa sababu alidhani nimekufa, alikuwa ananiona kwa macho. Aliondoka kwa lile fundisho. Kwa hiyo andika mwisho wa kweli, usomwe, ausikie.

Edisa


Bwera, 24 Machi 2015

Sylivia,

Siku kumi na moja. Umekufa na wewe?

Sowedi alipita Katunguru akamwona Docus kwenye meza ya samaki. Anasema alikuwa amefunika mdomo kwa leso na hakutaka kusalimiana. Ninakuandikia hilo ili ulale nalo kama ninavyolala nalo.

Shangazi


Kasese, 29 Machi 2015

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri Jumapili hii ya Matawi. Sisi tu wazima, na kama sivyo nisingepata haki ya kulalamika.

Nilinyamaza kwa aibu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo sikutafuta pole ya mtu. Nilimsingizia Blasio kwa sababu ilikuwa rahisi. Ukisema mwanamume ameharibu, kila mwanamke anakuamini.

Ukweli ni huu. Mara ya kwanza niliandika mwisho ambao wewe unazeeka. Uko dukani, unapima kitenge kwa mkono, unamtania mteja, basi. Ezironi akausoma akauliza, "Kwa hiyo huyu haadhibiwi?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeona chumvi imesahaulika. Na mimi, shangazi, badala ya kumuuliza aadhibiwe kwa kosa gani, nikaanza kuitafuta adhabu. Nilijaribu ugonjwa, nikaona umezoeleka. Nikajaribu kumrudisha kwa mumewe, kalamu ikakataa. Nilipopata lori nilifurahi. Nililala usingizi mzuri siku ile. Hilo ndilo nisiloweza kujisamehe sasa.

Miaka kumi na moja nafundisha vitabu. Najua mwanamke akifungasha nguo ukurasa wa arobaini, ukurasa wa mia atakufa. Nawaambia wanafunzi wapige mstari, hapo ndipo penye maadili, swali hutoka hapo. Wengine walioandika vile ni wanawake, na sikuwahi kuwakasirikia. Nimewapigisha mstari wasichana mia nane chini ya maiti za wanawake, na ikaja zamu yangu ya kuandika, nikaongeza ya kwako. Nina hasira na mimi mwenyewe.

Nimeandika mwisho mwingine, kurasa nane, hakuna anayekufa. Nilimpelekea Blasio. Anasema mtu akishakufa redioni amekufa, hawezi kumfufua kwa amri ya mwalimu. Atakubali kwa sharti moja tu, kwamba mwenye maisha aje mbele ya kipaza sauti, aseme kwa kinywa chake, mimi ndimi Biira, nilimwacha mume kwa miguu yangu na niko hai.

Na hapa, shangazi, ninavua viatu kabla ya kusema, maana wewe ni mkubwa wangu. Umeniita mwongo na nimekubali. Sasa na mimi nakuuliza. Zamani nilipokuwa nasoma kwako, Docus aliniambia kwamba baba yake, marehemu Tsongo, ndiye aliyekufukuza kwa sababu ulimzalia msichana. Alikuwa anasema hivyo kwa watoto wote wa shule. Mimi uliniambia kwamba ulitoka mwenyewe, nikaandika hivyo. Wiki zote hizo ulikaa naye uani mkisikiliza. Je, ulimwambia kwamba ile miguu ya Biira ilikuwa yako? Au Docus alidhani nimeitunga? Maana kama alidhani hivyo, basi hakuwahi kumjua hata mwanamke mmoja wa kweli aliyetoka akaishi. Wa kutungwa nilimuua mimi. Wa kweli ulimficha wewe.

Nimemaliza. Nichape ukitaka.

Binti yako,
Sylivia


Bwera, 11 Aprili 2015

Sylivia, binti yangu,

Hujambo? Pasaka ilipitaje? Watoto walikula nyama? Mimi nilikula kidogo. Barua yako niliitupa chini, nikaiokota, nikaitupa tena. Nilisema maneno ambayo Mkristo hasemi wiki ya mateso. Halafu nikakaa.

Docus hakujua.

Nitakueleza, na usinikatize. Mwaka wa tisini na nne nilipofika Bwera na mtoto mgongoni, wanawake wa kanisa walinizunguka. Swali lilikuwa moja, amekufukuza au umetoka? Mwanangu, aliyefukuzwa hupewa sufuria na blanketi. Aliyetoka hupewa maswali. Nikasema amenifukuza. Nikapewa sufuria. Kisha nikapewa kiti katika Umoja wa Akina Mama, na kila mwaka uliopita ule uongo ulizidi kuwa mzito kuutua. Wewe nilikuambia kwa sababu ulikuwa na daftari na ulikuwa unaondoka. Yeye alikuwa wa kukaa.

Alhamisi ile, lori lilipokwisha kumpitia Biira na majirani wakaenda zao, Docus aliniambia, "Wewe, mama, ulifukuzwa, ndiyo maana Mungu akakuhurumia. Anayetoka mwenyewe ndiye anaishia hivyo." Maneno yalinifika hapa kooni. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nikamwambia, kula, chakula kinapoa. Halafu nikakuandikia wewe barua ndefu ya kukutukana. Nakukasirikia bado, usidhani nimekusamehe lori. Ila hasira yangu sasa nimeigawa, na fungu kubwa ni langu.

Redioni sitakwenda. Siwezi kuiambia Kasese nzima jambo ambalo mwanangu hajaambiwa. Jumatano nilikwenda Katunguru.

Nilimkuta anapara samaki. Midomo imevimba upande mmoja. Jonan alinipokea kwa heshima zote, akaninunulia soda, akaniita mama, akasimama mlangoni asiondoke. Wanaume wa aina yake wana adabu nzuri sana kwa wakwe. Nilichukua kisu nikapara samaki pamoja na mwanangu, nikamwambia kwa Lhukonzo, bila kushusha sauti, kwamba baba yake hakunifukuza. Nikamwambia alivyonipiga kwa mpini wa jembe. Nikamwambia asubuhi niliyotoka, kwamba Tsongo alikuwa kwenye shamba la kahawa, kwamba hakuna aliyenituma wala aliyenipokea. Nilimwambia nilidanganya ili nipate sufuria. Jonan alisikia kila neno.

Docus hakuinua macho. Aliniuliza, "Nilikuwa na miaka mingapi?" Nikasema miwili. "Nililia?" Nikasema hapana, ulilala njia yote. Akaendelea na samaki. Mama mkwe halali kwa mkwewe, kwa hiyo jioni nikapanda gari. Nilimwangalia akinisindikiza mpaka barabarani, nikasubiri aseme neno. Akasema tu, safari njema.

Nimerudi peke yangu, Sylivia. Nimesema ukweli nikiwa nimechelewa miaka ishirini na moja, na sijui kama unafaa tena.

Shangazi yako,
Edisa


Kasese, 14 Aprili 2015

Shangazi,

Shikamoo. Pole na safari. Sisi tu wazima.

Barua yako nimeisoma nikalia, kisha nikamkasirikia Jonan na soda yake. Siwezi kukuambia la kufanya, nimepoteza haki hiyo. Kurasa nane zimerudi mezani kwangu, Blasio hatazipata tena mpaka wewe useme.

Lakini jana niliwasomea kurasa hizo wasichana wangu wa kidato cha tatu. Nilipomaliza, mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hadithi inaruhusiwa kuisha hivi?" Nikasema inaruhusiwa. Shangazi, ana miaka kumi na sita na tayari anadhani kuna mtu wa kumwomba ruhusa. Mimi nilimfundisha hivyo.

Binti yako,
Sylivia


Bwera, 20 Aprili 2015

Sylivia mwanangu,

Hujambo? Ezironi na watoto hawajambo? Mimi koo limekauka kwa kusema, mengine yote mazima.

Mwambie Blasio nitakuja Alhamisi. Awashe hicho kipaza sauti chake. Nitavaa kitenge kipya, ingawa redioni hakionekani.

Docus alikuja Ijumaa. Nilikuwa sokoni, siku imechangamka, Wakongo wanagombea vitambaa vya harusi, nikamwona anakuja kwa miguu kutoka upande wa stendi na mtoto mgongoni na kikapu kimoja. Hakuna aliyemfuata na hakuna aliyemleta. Akakaa kwenye kigoda chake, akaniuliza vitunguu siku hizi vinauzwaje. Nikamwambia. Sikuuliza lingine lolote, nawe ungejua ilivyonigharimu kufunga mdomo.

Jana baada ya ibada wakaja watu wa Jonan. Alikuwa Jonan mwenyewe na shati la Jumapili, na mjomba wake Erifazi, mzee wa kanisa, na wanaume wawili wengine. Upande wetu alikaa baba yako Yosamu, kimya kama desturi yake, na wanawake watatu wa Umoja wa Akina Mama, ambao hawakualikwa ila walikuwa na hamu. Walizungumza saa nzima. Wakataja mbuzi wa mahari. Wakasema hasira ya mume ni kama mvua, hunyesha ikapita. Yosamu akauliza kama jino nalo litaota, nikashangaa, maana kaka yangu sijamsikia akijibu mtu tangu tuzaliwe.

Ndipo Erifazi akasafisha koo. Akasema msichana huyu alikuwa mtulivu, alirudi nyumbani mwenyewe mwezi uliopita, sasa ameondoka tena. Anataka kujua nani amemfundisha kutoka. Ni ile redio ya Kasese, au ni mama yake aliyekuja Katunguru kwa kisingizio cha samaki?

Nilisimama. Nikasema mbele yao wote, mbele ya wanawake wa kanisa walionipa sufuria, "Tsongo hakunifukuza. Nilitoka mimi. Niliwadanganya." Mmoja wao alikiweka kikombe chini polepole asinitazame. Kiti changu katika Umoja nadhani kimekwenda, na kiende. Nilikuwa nimeandaa mengi, Sylivia, siku mbili nilikuwa nayapanga nikipima vitenge. Nilitaka kusema aibu ni ya mwenye ngumi. Nilitaka kusema lawama zote zije kwangu, mimi ndiye mwalimu wake, mwacheni.

Erifazi akatabasamu. Akasema, basi tumempata aliyemfundisha.

Docus alikuwa ananyonyesha pale mlangoni. Akasema, "Mama, kaa."

Nikamtazama. Akasema tena, kwa upole, nikae. Halafu akamgeukia Erifazi, pengo wazi, bila leso.

"Swali ni langu, mzee. Hakuna aliyenifundisha. Nimetoka mimi."

Nikakaa, mwanangu. Nilikuwa tayari kumtetea mpaka giza liingie, na hakunihitaji.

Shangazi yako,
Edisa